UZI: Ndugu amefariki kwenye ajali ya barabarani Kenya. Karatasi zipi ziko wapi, na zinadaiwa vipi

KaratasiKwanza

Wadau, swali moja linarudi humu kila mara: "Tunapataje ripoti ya ajali?" Hakuna karatasi moja inayoitwa ripoti ya ajali. Kuna karatasi saba au nane, kila moja na mwenyewe, na ukifika kaunta ukaomba "ripoti" utaambiwa rudi kesho, kisha keshokutwa. Omba kila karatasi kwa jina lake, kwa maandishi, katika ofisi inayoishika.

Zilizo kituo cha polisi cha eneo la ajali (si kituo cha karibu na nyumbani kwenu): ingizo la OB (daftari la matukio la kituo), abstrakti ya polisi (muhtasari rasmi wa ajali), na faili ya trafiki. Ndani ya faili ndimo kuna mchoro wa eneo la ajali, picha, taarifa za mashahidi na ripoti ya ukaguzi wa magari. Familia nyingi hupewa abstrakti peke yake, zikadhani zimepewa kila kitu. Abstrakti ni dirisha tu, nyumba ni faili.

Mochari na kwa daktari: fomu P23A ya upasuaji wa maiti. Kwa msajili wa vizazi na vifo: cheti cha kifo. NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani): rekodi ya mwenye gari. Mtu akishtakiwa, masjala ya mahakama ina hati ya mashtaka na mwenendo wa kesi. Kama hajashtakiwa, ODPP (Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma) huwa na ushauri wake kuhusu faili.

Siku ya kwanza chukua vitu vitatu tu: namba ya OB pamoja na tarehe na saa yake, jina la afisa anayechunguza na namba yake ya kazi, na namba za usajili za magari yote yaliyohusika, hata lile "lililoguswa tu". Bila namba ya OB kila kaunta itakurudisha nyuma.

---

Mto_wa_Mbali

Asante mkuu. Kuna familia imepewa abstrakti, mahali pa matokeo pameandikwa kwamba uchunguzi bado unaendelea. Hiyo inatosha kwenda kwa bima, au wangoje ibadilishwe?

---

WakiliWaKona

Wasingoje. Abstrakti ya namna hiyo ni halali. Inathibitisha kwamba ajali ilitokea, lini, wapi, magari gani, madereva gani, nani aliumia au kufa, na bima iliyoonyeshwa kwa polisi. Haithibitishi nani ana makosa. Hata ikiandikwa kwamba dereva fulani "wa kulaumiwa", hayo ni maoni ya afisa. Mahakama itataka ushahidi wake.

Wakiipokea, waisome pale pale kaunta kabla ya kuondoka. Jina la marehemu lilingane na kitambulisho herufi kwa herufi, kwa sababu ndilo litakaloingia kwenye cheti cha kifo na kwenye hati za mirathi. Tarehe iwe ya ajali, si ya siku abstrakti ilipoandikwa. Namba ya gari isomeke vizuri, maana B na 8 zimewaponza wengi. Namba ya sera ya bima iwe na tarehe za kuanza na kuisha, na siku ya ajali iwe kati yake. Kosa likionekana, kituo kilekile ndicho kinachotoa nyingine. Ile ya zamani msiitupe.

Na umiliki: mahakama huichukulia abstrakti kama ushahidi wa awali wa mwenye gari, lakini mshtakiwa anaweza kuupinga. Gari huuzwa bila kubadilishwa jina, au hubadilishwa jina wiki moja baada ya ajali. Kwa hiyo toeni rekodi ya NTSA kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, mapema, na ikionekana umiliki umehama, ombeni kwa barua historia inayoonyesha mwenye gari alikuwa nani tarehe ya ajali. Rekodi ya leo inamtaja mwenye gari wa leo.

---

PimaMita

Niongeze kuhusu mchoro na ukaguzi, maana hapa ndipo kesi nyingi hufa, na familia huwa bado iko kwenye matanga.

Mchoro mzuri una vipimo. Ukiona picha ya mkono ya barabara yenye mishale na mistatili miwili bila namba, huo ni mchoro wa kumbukumbu, haupimiki. Tafuta: upana wa barabara, umbali wa kila kitu kutoka alama mbili zisizohama (nguzo ya umeme, kona ya kalvati, kibao cha kilomita), mahali magari yalipogongana, mahali kila gari liliposimama, mahali mwili ulipokutwa, na urefu wa alama za breki kwa kila tairi. Alama mbili zisizohama ni muhimu kwa sababu ukiwa na moja tu huwezi kurudisha kitu mahali pake baadaye.

Kwa nini alama za breki? Zinatoa kasi ya chini kabisa. Hesabu yake: kipeuo cha pili cha (254 × msuguano × urefu kwa mita), jibu ni kilomita kwa saa. Lami kavu, msuguano wa takriban 0.7, alama za mita 30: 254 × 0.7 × 30 = 5,334, kipeuo chake ni kama 73. Alama hizohizo kwenye lami iliyolowa, msuguano 0.4, zinakupa kama 55. Umeona tofauti. Ndiyo maana OB isiyosema kama mvua ilikuwa inanyesha inakunyima kitu kikubwa kuliko unavyofikiri. Na kama gari halikusimama mwisho wa alama bali liligonga kitu likiwa bado linatembea, kasi halisi ilikuwa juu ya hapo.

Alama hizo hufutwa na mvua na magurudumu ya magari mengine, mara nyingi ndani ya siku chache. Kama kuna ndugu anayeweza kufika eneo la ajali salama, apige picha mchana, kutoka pande zote mbili za barabara, akiweka kitu cha urefu unaojulikana kando ya alama. Asisogeze chochote na asisimame barabarani. Aangalie pia kamera za vituo vya mafuta na maduka yaliyo karibu, aombe mwenyewe ahifadhi rekodi. Mitambo mingi hujiandika upya juu ya rekodi za zamani, kwa hiyo ombi la mwezi ujao ni ombi la kitu ambacho hakipo.

Ripoti ya ukaguzi: mkaguzi huangalia breki, usukani, tairi, taa, na sehemu zilizoharibika, kisha husema kama kulikuwa na kasoro kabla ya ajali. Sentensi moja ya "hakuna kasoro kabla ya ajali" bila maelezo ya kila sehemu ni ripoti dhaifu. Usiishie kusoma hitimisho. Soma ilikaguliwa lini na ikiwa wapi. Gari likishaachiliwa na kupelekwa gereji, hakuna ukaguzi wa pili utakaosema kitu cha maana. Andikeni barua kwa OCS (mkuu wa kituo cha polisi) siku za mwanzoni: gari lisiachiliwe kabla halijakaguliwa na kupigwa picha, na kama ni matatu, basi au lori, kidhibiti mwendo kikaguliwe na data yake ihifadhiwe.

---

dereva_mstaafu_wa_lori

PimaMita, hesabu yako ni ya gari dogo lililofunga magurudumu. Lori lililobeba mzigo, breki za upepo, haliwezi kupata 0.7, iko chini ya hapo. Na magari ya sasa yenye ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasifunge) hayaachi alama nyeusi ndefu, yanaacha kivuli chepesi au hayaachi kitu. Mtu asije akasema "hakuna alama, kwa hiyo dereva hakufunga breki".

---

PimaMita

Kweli kabisa, na mawakili wa upande wa pili wanajua hilo vizuri. Hesabu ile ni ya kukuonyesha kwa nini vipimo vinadaiwa. Namba ya kwenda nayo kortini itoke kwa mtaalamu aliyejua gari, mzigo na lami.

---

Shangazi_wa_Bonde

Samahani wanangu, nauliza. Mtu agongwe kaunti moja, apelekwe hospitali kubwa kaunti nyingine, akae wodini wiki mbili kisha afe. Anayeandika ni nani? Maana kituo cha kwanza wanasema kwao ni majeruhi.

---

KaratasiKwanza

Shangazi, hilo ni pengo la kawaida sana na linaleta hasara kubwa. Kesi inabaki ya kituo cha eneo la ajali. Lakini faili yao imeandikwa majeruhi, na haitageuka kuwa ya kifo yenyewe. Mtu lazima awapelekee habari kwa maandishi, pamoja na nakala ya taarifa ya kifo kutoka hospitalini, na OB mpya iandikwe ikirejea namba ya OB ya kwanza. Kisha kituo hicho kipange upasuaji wa maiti, P23A ijazwe ikitaja ajali. Kwa kawaida ndugu wawili huutambulisha mwili mbele ya daktari na polisi, na majina yao huandikwa.

Msikubali kuzika kabla ya upasuaji kwa sababu eti "kila mtu anajua aligongwa". Baada ya wiki mbili wodini, upande wa bima watasema aliuawa na nimonia au kisukari. P23A ndiyo inayofunga kamba kati ya ajali na kifo. Ikikosekana, kinachobaki ni faili ya matibabu. Iombeni hospitalini nayo pia, kwa barua, yenye namba ya mgonjwa na uthibitisho wa undugu.

---

Shangazi_wa_Bonde

Nimeelewa mwanangu. Mungu akubariki.

---

KaratasiKwanza

Sasa barua yenyewe. Msingi ni Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, sheria imesema hivyo waziwazi. Huhitaji kueleza unazitakia nini habari. Asiyeweza kuandika anaruhusiwa kuomba kwa mdomo, na afisa ndiye anayepaswa kuandika ombi hilo na kumpa nakala. Kuomba ni bure, unalipia gharama halisi ya kunakili tu.

> Kwa Inspekta Jenerali wa Polisi, kupitia OCS, Kituo cha ______.
> OMBI LA HABARI: Ibara ya 35 na Sheria ya Upatikanaji wa Habari, 2016.
> Mimi ni raia wa Kenya, kitambulisho namba ______, na ni (mke/mzazi/mtoto) wa marehemu ______. Naomba nakala za: (a) ingizo la OB namba ______ la tarehe ______, (b) mchoro wa eneo la ajali pamoja na vipimo vyake, (c) ripoti ya ukaguzi wa magari ______ na ______, (d) picha zilizopigwa eneo la ajali, (e) tarehe faili ilipopelekwa ODPP na ushauri uliotolewa.
> Iwapo sehemu yoyote itazuiwa, naomba nielezwe kwa maandishi ni ipi na kwa kifungu kipi, na nipewe iliyobaki.

Peleka nakala mbili. Moja wabaki nayo, ya pili igongwe muhuri na tarehe urudi nayo. Bila muhuri, siku hazihesabiki. Kisheria afisa wa habari wa taasisi ni mkuu wake, ndiyo maana inaelekezwa kwa Inspekta Jenerali, lakini ikipitia OCS inafika mahali faili ilipo.

Kuanzia muhuri, wana siku 21. Wanaweza kuongeza siku 14, mara moja tu, wakikueleza sababu. Kama habari iko ofisi nyingine, wanapaswa kuhamisha ombi ndani ya siku 5 na kukujulisha. Siku zikipita bila jibu, sheria inahesabu kwamba umekataliwa. Hapo una siku 30 kwenda kwa Ombudsman, yaani Tume ya Haki ya Utawala (CAJ), kuomba uamuzi upitiwe upya. Tume ina mamlaka ya kuamuru habari zitolewe, na asiyeridhika anaenda Mahakama Kuu ndani ya siku 21.

Kosa ninaloliona zaidi: "Naomba kila kitu mlicho nacho kuhusu ajali." Barua ya namna hiyo ni rahisi kukataa. Ukitaja (a) hadi (e), anayekataa lazima akatae moja moja.

---

Kijiwe_cha_Sheria

Nakubali kwa barua, ila tusiwape watu matumaini ya bure. Uchunguzi ukiwa unaendelea, polisi watataja kifungu cha 6 cha sheria hiyo ya habari, kwamba kutoa faili kutavuruga mkondo wa haki. Na kwa taarifa za mashahidi mara nyingi watakuwa na hoja.

---

WakiliWaKona

Sawa, ndiyo maana kwenye barua ya KaratasiKwanza taarifa za mashahidi hazimo. Mchoro, picha na ripoti ya ukaguzi ni vipimo vya vitu. Ni vigumu kueleza vipimo vya lami vitavurugaje haki. Kuzuia kwa jumla ni tofauti na kuzuia kwa sababu.

Lakini tazama kesi iko hatua gani, maana mlango hubadilika.

Dereva ameshtakiwa: achana na kituo, nenda kwa mwendesha mashtaka. Sheria ya Kulinda Waathiriwa ya 2014, kifungu cha 9, inampa mwathiriwa haki ya kuwapo kesi ikisikizwa, kusikizwa kabla ya makubaliano yoyote ya kukiri kosa, na kujulishwa mapema ushahidi utakaotumika na kuufikia kwa kiasi kinachofaa. Mjitambulishe kwa barua ODPP na mahakamani mapema, mkitaja namba ya kesi, kabla dereva hajakiri kosa dogo asubuhi moja mkiwa hamna habari. Kusababisha kifo kwa uendeshaji kuko kifungu cha 46 cha Sheria ya Trafiki, adhabu yake hufika kifungo cha miaka 10. Kuendesha bila uangalifu ni kosa jingine na ni jepesi zaidi. Someni hati ya mashtaka muone ni lipi. Kesi ikiisha, ombeni mwenendo wa kesi na hukumu vilivyothibitishwa na mahakama. Dereva akitiwa hatiani na muda wa rufaa ukapita, kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi kinafanya hatia hiyo kuwa ushahidi usiopingika kwamba alitenda kosa lile.

Hakuna aliyeshtakiwa: iandikieni ODPP ya kaunti mkiuliza faili ilifika lini na ushauri ni upi: ashtakiwe, uchunguzi wa kifo ufanywe mbele ya hakimu, au faili ifungwe. Vifungu vya 386 na 387 vya Sheria ya Utaratibu wa Makosa ya Jinai vinahusu uchunguzi wa kifo mbele ya hakimu, na kifo cha ajali kimo. Familia chache huomba njia hii, nami naiona nzuri kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu mashahidi wanaitwa, mchoro unatolewa wazi, na yote yanaandikwa.

Dereva naye amekufa: faili hufungwa haraka kwa sababu hakuna wa kushtaki. Familia ya abiria isikubali kwamba kufungwa faili ni mwisho wa karatasi. Hapo ule udhuru wa uchunguzi unaoendelea umeondoka, kwa hiyo tumeni ombi la habari la Sheria ya 2016 mara moja.

---

Mto_wa_Mbali

Na kama afisa anasema faili "imepotea", au anataka "kitu kidogo" aitafute?

---

WakiliWaKona

Mwombe aandike kwamba imepotea. Mara nyingi faili hupatikana. Asipoandika, peleka barua kwa kamanda wa kaunti ndogo, nakala kwa CAJ. La hongo lipeleke IPOA (mamlaka huru ya kusimamia utendaji wa polisi), ukitaja tarehe, saa na kaunta. Kesi ya madai ikishafunguliwa, mahakama inaweza kumwita afisa kama shahidi aje na faili mkononi.

---

Msafiri_wa_Usiku

Msisahau mabroka wa mochari. Wanafika na abstrakti tayari kabla familia haijajua OB ni nini, wanataka saini kwenye karatasi ya kumteua wakili ambaye hamjamwona. Baadaye fidia inalipwa na nyinyi mnasikia tu. Msisaini chochote mochari isipokuwa karatasi za utambulisho wa mwili na za mochari yenyewe. Na abstrakti, P23A na cheti halisi vikae kwa mtu mmoja wa familia, wengine wapewe nakala.

---

KaratasiKwanza

Muda sasa, kwa sababu kungoja karatasi hakusimamishi saa. Dai dhidi ya dereva au mwenye gari ni miaka 3. Hesabuni tangu siku ya ajali, hata kama kifo kilikuja baadaye, ili msikosee. Kudai kwa niaba ya mirathi kunahitaji hati ya usimamizi wa mali ya marehemu, na mahakama hutoa ya muda kwa ajili ya kesi tu, ile wanayoiita ad litem. Mtahitaji barua ya chifu inayotaja warithi wote, kwa hiyo ifuateni sambamba na barua ya polisi.

Mtego mbaya ni barabara yenyewe. Kama tatizo ni shimo, daraja lisilo na ukingo au matengenezo bila alama, mwenye habari ni KeNHA kwa barabara kuu za kitaifa, KURA kwa za mijini, KeRRA kwa za mashambani, au kaunti kwa zake. Sheria ya Barabara ya Kenya ya 2007 inataka notisi ya mwezi mmoja kwa mamlaka kabla ya kushtaki, na kesi ifunguliwe ndani ya miezi 12. Serikali yenyewe nayo, madai ya aina hii ni miezi 12. Ukitumia siku 21, kisha 14, kisha ukaenda kwa Ombudsman, mwaka unakwisha. Ombeni rekodi za matengenezo ya sehemu hiyo na malalamiko yaliyopokelewa awali wiki ileile mnayoandikia polisi.

---

Mto_wa_Mbali

La mwisho. Mjane si raia wa Kenya, marehemu alikuwa Mkenya. Barua aandike nani?

---

WakiliWaKona

Haki ya Ibara ya 35 ni ya raia. Barua ya habari iandikwe na mzazi, ndugu au mtoto wa marehemu mwenye kitambulisho cha Kenya, kwa jina lake mwenyewe. Mjane habanwi na hilo kwenye karatasi nyingine: abstrakti na P23A anaziomba kama mke, na anaweza kuomba hati ya usimamizi. Abebe cheti cha ndoa. Kama kimetolewa nje kwa lugha nyingine, kitafsiriwe na kuthibitishwa kabla hajakwenda kaunta yoyote.